Kampuni Iliyoagwa Isiondoke

Ixelles, Jumanne 1 Oktoba 2013

Mvua. Viatu nilivyotoka navyo Tanga vimekata roho leo kituoni, Chaussée d'Ixelles, na mimi naona mtu aliyefiwa na viatu ana haki ya kuanza daftari la kulalamikia.

Pia nimepewa kazi. Wakili Anne-Marie, ambaye tangu nianze mazoezi ofisini kwake hajanituma kingine ila fotokopi, leo kaniita na kuniuliza: "Mwanakheri, wewe si unazungumza Kiswahili?" Kiswahili! Nina shahada ya sheria ya Dar es Salaam, niko mbioni kupata ya pili hapa Brussels, nimeandika insha nzima juu ya ufilisi unaovuka mipaka na kupata alama ya kujivunia, halafu kinachonitoa kwenye fotokopi ni lugha niliyoipata bure kwa mama.

Kesi yenyewe lakini tamu. Kuna kiwanda cha kufulia huko Auderghem, kitongoji cha hapa hapa Brussels, Blanchisserie Vanderlinck, kinachofua mashuka ya nyumba za wazee. Kampuni imeelemewa, haiwezi tena kujiendesha. Wafanyakazi, wengi wao Warundi wa Bujumbura, wameunda ushirika na wanataka kukichukua kiwanda kikiwa hai, mashine zinazunguka na wateja wapo. Sheria ya Ubelgiji inaruhusu: mahakama inaweza kusimamia kampuni mahututi ikabidhiwe kwa mwingine kabla haijafa. Tatizo ni kwamba mwezi Julai mwenye kampuni alihamishia Luxembourg anwani ya ofisi iliyosajiliwa. Jaji wa Luxembourg akifungua kesi kwanza, nchi zote za Umoja wa Ulaya zitamfuata yeye, na kule mpango ni mmoja tu: mashine ziuzwe moja moja, mlango ufungwe.

Kwa hiyo swali ni hili: kampuni inaishi wapi? Sheria ya Ulaya inasema kesi ni ya mahakama ya pale penye kitovu cha maslahi makuu ya kampuni. Inakisiwa kuwa ni pale iliposajiliwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo kwa mambo ambayo hata mtu wa nje anaweza kuyaona. Nalijua hili kama Fatiha. Ijumaa naenda Auderghem kuwafundisha.

Ijumaa 4 Oktoba

Nimekwenda kufundisha, nimelishwa.

Kiongozi wa ushirika ni Mwanakombo, mama mnene wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, mwenye sauti ya chini, msimamizi wa upande wa pasi. Nilimwamkia "Shikamoo mama," akacheka. "Eh, mutoto ya Tanzania! Hapa unasemaka Maman. Ukae. Kwanza kula, mambo ya tribunal itakuya." Nikatoa karatasi zangu. Akaziweka juu ya mashine ya kukaushia na mahali pake akaweka sahani.

Kumbe ndio desturi yao. Kila Ijumaa, wanaume wakirudi msikitini, Maman Mwanakombo anapakua pilau kwenye meza ndefu ya kukunjia mashuka, na anayefika anakula: Mwislamu, Mkristo, mleta sabuni, fundi wa boila, mtu wa posta. Nilikaa karibu na bwana mmoja mwenye skafu nyekundu, Mzungu, anakula kwa mkono vizuri kuliko kaka yangu. Akaniuliza nimetoka wapi. Nikamweleza kwa raha zangu: natoka kwa wakili, tunafungua kesi hapa Brussels kabla hawajawahi kule Luxembourg, tena tutashinda. Akasema, "Vizuri sana, mademoiselle," akanawa, akaondoka.

Kadiri, dereva wa gari la mashuka, kijana wa mzaha mwingi, alinisogelea taratibu, akiniita kwa jina la heshima la mawakili. "Maître, umesema naye nini?"

"Nani yule?"

"Yule? Ile ni patron, mwenye kiwanda. Ile ni Jérôme Vanderlinck."

Jumatatu 7 Oktoba

Mdomo uliponza kichwa. Nimemwambia Anne-Marie. Hakunigombeza, alivuta tu kalenda akaanza kuhesabu siku, na hilo ni baya zaidi.

Alhamisi 10 Oktoba

Mvua. Fotokopi.

Ijumaa 11 Oktoba

Jérôme hakuja kula. Kadiri anasema ni mara ya kwanza kiti kile kukaa kitupu tangu aumwe mafua mwezi Agosti. Bila shaka wakili wake kamwambia asikanyage tena Auderghem. Wafanyakazi wote walijua ni kwa sababu yangu. Maman Mwanakombo aliniongezea viazi. Nilitamani anitukane.

Jumanne 15 Oktoba

Idi. Mvua ilisimama asubuhi. Nimeswali Molenbeek, nimempigia mama Tanga, nimelia kidogo na kula sana.

Alhamisi 24 Oktoba

Sasa ni mbio kwelikweli. Jérôme amepeleka ombi lake Luxembourg Jumatatu, sisi tukapeleka letu hapa Jumanne. Kuomba kwanza si hoja, hoja ni nani atakayefungua kwanza. Jaji wa Luxembourg ametaka vitabu vya hesabu na kupanga kusikiliza Jumatatu tarehe 2 Disemba. Sisi tumepewa Ijumaa tarehe 29 Novemba. Anne-Marie alipiga meza kwa furaha. "Tumewatangulia," alisema. "Sasa kilichobaki ni kuwa na haki."

Nilimwuliza kama bado anataka nishughulikie kesi hii. Akaniambia nani mwingine anayeweza kuwaelewa wale akina mama wakisema wote kwa pamoja.

Jumanne 5 Novemba

Nimeshinda Auderghem nakusanya ushahidi. Kiswahili chao kilikuwa kinanikwaruza mwanzoni, ngeli zinaparamiana, kila sentensi ina *donc* na *alors* za Kifaransa ndani yake kama mchanga kwenye mchele. Leo nimejikuta namwambia Kadiri "ngoja, nitakuya." Alifurahi mpaka akapiga honi.

Ushahidi si haba. Benki iko hapa, wateja wako hapa, mashine ziko hapa. Lakini Anne-Marie anasema wapinzani watakubali yote hayo na kusema: ndiyo, mikono iko Brussels, ila kichwa kimehamia Luxembourg, maamuzi yanatoka kule. Tunahitaji kuonyesha kichwa kilikuwa wapi, tena kilionekana na nani.

Jumanne 12 Novemba

Siku mbaya. Naandika nikiwa bado na hasira.

Hoja za upande wa pili zimefika asubuhi, na ndani yake picha. Picha yenyewe ni ya meza ile ile ya kukunjia. Juu yake keki. Nyuma yake Jérôme, kavishwa kitenge cha bluu mabegani, macho mekundu. Kushoto Maman Mwanakombo kanyanyua mikono, anaomba dua. Na juu ya vichwa vyao, kwenye shuka kubwa jeupe, maandishi kwa rangi nyekundu: SAFARI NJEMA PATRON – LUXEMBOURG. Tarehe 28 Juni.

Wakili wao hakuandika maneno mengi. Aliandika kwamba kampuni ilihamia Luxembourg mbele ya macho ya watu wote, kiasi kwamba wafanyakazi wenyewe walifanya sherehe kuiaga. Mtu wa nje angetaka kuona nini zaidi?

Anne-Marie alivua miwani. "Mwanakheri. Kwa nini waliandika kwenye shuka?"

Nilipanda basi mpaka Auderghem bila hata kufunga koti. Nilimkuta Maman Mwanakombo kwenye pasi kubwa, mvuke umemzunguka, nikaanza kufoka, mbele ya watu, kwa mama wa umri wa mama yangu. Kwa nini hamkuniambia? Mnamuagaje kwa keki mtu anayewahamishia kampuni? Mnajua mmejichimbia kaburi kwa mikono yenu?

Aliacha nimalize. Akazima pasi.

"Patron alikuya hapa, akasema, Maman, bureau inaenda Luxembourg. Bon. Muntu akisema anaenda safari, weye unamuachaka hivi hivi, bila dua, bila kitu? Ile ni malezi gani? Tulikuwa naye quinze ans, miaka kumi na tano. Kadiri akatafuta keki. Mie nikaleta kitenge. Akalia, na sisi tukalia. Kosa yetu iko wapi, mutoto yangu?"

"Kosa ni kwamba hakwenda!" nilisema. "Alisajili sanduku la barua tu. Nilimkuta mwenyewe hapa mwezi Oktoba, anakula!"

"Ah, ile ndiyo. Ijumaa yenye ilifuata alirudi, akakaa kwenye kiti yake."

"Na hamkumwuliza?"

Akanitazama kama mtu niliyeingia msikitini na viatu. "Muntu amekuya kwa chakula yako, uko unamuuliza, kwa nini umekuya?"

Basi ndivyo ilivyokuwa. Jérôme aliona haya kuwaambia kwamba anahamisha karatasi tu, akapokea kitenge na kulia nacho. Wao waliona haya kumwuliza mbona hujaondoka, wakampakulia. Miezi mitatu mizima watu wazima wamekula pilau meza moja, kila mmoja akimsitiri mwenzake. Nilitamani kucheka na nilitamani kumpiga mtu.

Jumatano 13 Novemba

Nimekwenda kumwomba radhi. Nilianza hotuba yangu, akaniambia nishike ncha ya pili ya shuka. Tukakunja mpaka saa ya chakula. Sijui kama nimesamehewa, ila najua sasa kukunja shuka la kitanda cha hospitali.

Ijumaa 15 Novemba

Kilichotuangusha ndicho kinachoweza kutuinua, nilimwambia Anne-Marie. Kama watu wa nje walimwona akiagwa mara moja, si walimwona pia akila Ijumaa zote zilizofuata? Na hakuwa anakula tu. Kadiri anasema mikataba yote ilizungumzwa mezani pale. Kila mwenye shida na kampuni alijua: njoo Ijumaa baada ya swala, utamkuta patron na utashiba.

Anne-Marie alisema wafanyakazi hawatoshi, wana maslahi yao. Atafutwe mtu wa nje.

Mtu wa nje yupo. Anaitwa Hilaire, muuza sabuni, Mfaransa wa Lille, mrefu na mpole. Leo alikuwepo. Nilipomweleza, aliweka kijiko chini. "Mademoiselle, mimi nauza sabuni. Nikianza kusimama mahakamani dhidi ya wateja wangu, nani atanifungulia mlango?" Nikaanza kumbembeleza. Maman Mwanakombo akanikanyaga mguu chini ya meza, akamwongezea nyama, akamwuliza habari za mkewe, mpaka akaondoka.

"Maman! Ungeniacha!"

"Mugeni hatumuuzishiaki chakula," alisema.

Nimerudi Ixelles nimenuna. Watu hawa na adabu zao watazama nazo.

Jumanne 19 Novemba

Mvua, baridi. Msitu wa Soignes umebaki vijiti. Kadiri ananiambia nyumba moja ya wazee imeanza kuulizia dobi mwingine.

Ijumaa 22 Novemba

Hilaire amekuja tena. Amekula. Mimi nimeuma ulimi kwa nguvu zangu zote. Wakati wa kunawa akamwambia Maman Mwanakombo, bila hata kunitazama:

"Mwezi Agosti nilikuwa na safari ya Luxembourg, nikasema nimpelekee Jérôme sampuli ya sabuni kwenye ofisi yake mpya. Nilikuta mlango mmoja na majina ya makampuni yamebandikwa juu mpaka chini. Nikabonyeza kengele. Akatoka msichana, akasema hapa hapokelewi mtu, zinapokelewa barua tu. Nikageuza gari. Ijumaa yake nikamkuta Jérôme hapa, kiti kile. Tukaelewana bei ya sabuni ya mwaka mzima, mkono wake bado una wali."

"Bon," alisema Maman Mwanakombo.

"Nimekula hapa miaka minane," Hilaire alisema. "Siwezi kula halafu nikanyamaza. Nitakuja hiyo tarehe ishirini na tisa."

Nimekaa kwenye basi nimekumbatia mkoba. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na ya kutoka Luxembourg ni ya saa mbili na nusu tu kwa gari.

Alhamisi 28 Novemba

Nimepiga pasi blauzi yangu mara mbili. Siwezi kula.

Ijumaa 29 Novemba

Wacha niandike yote kabla hayajanitoka.

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo na joto kali. Jaji ni mama wa makamo mwenye nywele fupi. Upande wetu Anne-Marie, mimi nyuma yake na mafaili, Maman Mwanakombo kwa niaba ya ushirika, amevaa koti jeusi na ushungi mweupe uliopigwa pasi mpaka unasimama wenyewe. Wengine walijaza benchi. Upande wa pili wakili wao, kijana mwenye sauti ya redio, na Jérôme na skafu yake nyekundu. Alipomwona Maman Mwanakombo aliinamisha kichwa kumsalimu, naye akaitikia. Hata pale!

Wakili wao alizungumza vizuri, siwezi kukataa. Ofisi imesajiliwa Luxembourg, basi inakisiwa kitovu kiko Luxembourg, na mwenye kupinga alete vinavyoonekana. Kisha akainua picha. Nilisikia Kadiri akiguna benchi la nyuma.

Hilaire akaeleza yake. Alianza kwa sauti ya chini, alipofika kwenye mlango wa majina ikapanda. Wakili akamkatiza: bwana huyu anaidai kampuni, na chakula cha mchana si mkutano wa bodi.

Jaji akaichukua ile picha, akamgeukia Maman Mwanakombo. "Madame, nisaidie. Kwa nini mlimuaga mtu kama hakuwa anaondoka?"

Nilikuwa nimemwandalia jibu, limepangwa vizuri, lina maneno "utawala mkuu" na "watu wa nje". Akalitupa lote. Alijibu kwa Kifaransa chake, mimi naliandika nilivyolisikia moyoni.

"Madame la juge, yeye ndiye alisema anaenda. Sisi tulimuagaka juu ya neno yake. Kwa nini hakuenda, mie siwezi jibu. Mumuulize mwenyewe. Iko hapa."

Wakili akasimama kupinga. Jaji akanyoosha kidole tu, kijana akakaa. "Bwana Vanderlinck. Baada ya sherehe hii, uliendelea kwenda Auderghem siku za Ijumaa?"

Wakili wake alikuwa anamtazama kwa macho ya kumfunga mdomo. Lakini Jérôme hakuwa anamtazama wakili. Alikuwa anamtazama Maman Mwanakombo, naye alikuwa amekunja mikono tumboni, hana hasira, anangoja tu kama anavyongoja maji ya wali yachemke.

"Mpaka Oktoba," Jérôme alisema. "Ijumaa moja nilikosa. Nilikuwa na mafua."

Wakili wake alifunga faili lake polepole. Nilimwona jaji akiandika, na naapa alikuwa anazuia kicheko.

Alisema atatoa uamuzi jioni ile ile, kwa kuwa Luxembourg wanakaa Jumatatu. Tulingoja kwenye korido. Kadiri alikwenda kuleta kahawa na kurudi na kahawa pungufu ya watu. Giza lilikuwa limeshaingia tulipoitwa.

Kitovu cha maslahi makuu ya kampuni, alisoma, kilikuwa Auderghem siku ombi lilipoletwa, na kila aliyefanya nayo biashara alijua pa kuikuta. Mahakama ya Brussels ina mamlaka. Utaratibu wa kukabidhi kiwanda unafunguliwa leo. Msimamizi anateuliwa. Mashine zisiguswe.

Nilimtafsiria Maman Mwanakombo ingawa alikuwa ameelewa kila neno. Sikuweza kumaliza. Alinivuta kifuani kwake na nikalia kwenye ule ushungi, ukakunjamana wote. Nampenda mama huyu. Nimeandika.

Jumatatu 2 Disemba

Luxembourg wamepokea hukumu yetu kwa faksi, wakaitambua kama sheria inavyotaka, na hawakufungua yao. Anne-Marie kaninunulia buti. Anasema hataki tena kuona mwanasheria wake anaingia mahakamani na soksi zilizolowa. *Mwanasheria wake.*

Ijumaa 6 Disemba

Jua, jembamba lakini jua. Msimamizi wa mahakama alikuja asubuhi, akazunguka kiwanda, akauliza maswali ya maana. Ushirika utatoa ombi lake rasmi mwezi Januari, na anaweza kujitokeza mwingine mwenye uwezo zaidi, hakuna aliyeahidiwa kitu. Ila nyumba za wazee zimebaki zote, na ile iliyokuwa inaulizia dobi mwingine imetuma mashuka maradufu.

Tulikuwa tumeshakaa mezani, Hilaire, fundi wa boila, msimamizi mwenyewe na tai yake, wakati Jérôme aliposimama mlangoni. Hakuingia. Mkononi alikuwa na kile kitenge cha bluu, kimekunjwa.

"Maman," alisema. "Hii mlinipa kwa safari ambayo sikwenda. Si haki nikae nayo."

Maman Mwanakombo alijifuta mikono, akamwendea. Alikipokea kitenge, akakikagua kama anavyokagua shuka, akaona hakikukunjwa sawa. Akakikunjua, akamvisha mabegani, akakinyoosha.

"Ukae nayo, patron," alisema. "Sasa ndiyo unaenda."

Kisha akamwonyesha kiti chake, na mimi nikasogea kumpisha apite.